Taa Nyekundu Iwakayo na Kuzimika: Namna ya Kuutega Ugonjwa wa Chaji katika Gari Kuukuu



Usiku mmoja nilikuwa nikitoka Minago kuelekea Rumonge, na katika kiti cha nyuma alikuwamo mke wa jirani yangu, ambaye uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika tangu magharibi. Mama mkwe wake aliketi kando yake akimfuta jasho. Upande wetu wa kulia lilikuwa ziwa, na juu ya maji zilionekana taa za wavuvi wa ndagala, safu kwa safu. Hapo ndipo taa ndogo nyekundu yenye umbo la betri ilipowaka mbele yangu, ikazimika, ikawaka tena, na safari hii haikuzimika. Baada ya muda taa kubwa za gari zikaanza kugeuka manjano.

"Mwanangu, mbona taa zinafifia?" akauliza yule mama.

"Ni umeme wa gari, mama. Tutafika."

Nilisema tutafika, lakini sikuwa na hakika. Nilizima redio na feni, nikalifuata kwa nyuma lori moja lililokuwa likienda Rumonge, nikajikongoja kwa mwanga wake mpaka mlango wa hospitali. Mtoto alizaliwa salama alfajiri. Asubuhi yake niliwasha gari, likawaka bila shida, na ile taa nyekundu haikuonekana kabisa, kana kwamba mambo ya usiku yalikuwa ndoto.

Huo ndio ugonjwa ninaotaka tuuzungumze juma hili: hitilafu ya chaji inayokuja na kuondoka. Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi, maana kilichokufa hakikimbii. Linalomsumbua ni gari linalougua njiani na kupona mbele ya gereji. Mimi niliyesomea ualimu nalifananisha na mwanafunzi anayejua jibu akiwa nyumbani, lakini mbele ya ubao husahau. Ukitaka kujua linalomsibu, huna budi kumwona wakati ule ule anaposahau.

FEDHA NILIZOZITUPA

Gari langu ni Toyota Corolla iliyokwisha kupita miaka ishirini na mitano. Kabla ya usiku ule lilikuwa limenila fedha mara mbili. Mara ya kwanza liligoma kuwaka asubuhi, na fundi mmoja akaniambia kwamba betri imekufa. Nikanunua mpya. Baada ya majuma matatu taa nyekundu ikarudi. Fundi wa pili akatazama mkanda unaozungusha alteneta, akasema umelegea, akauweka mwingine. Taa ikarudi tena. Wa tatu alitaka nitoe alteneta nzima niweke nyingine iliyokwisha kutumika, na ili kunithibitishia kwamba yangu ni mbovu, akafungua kichwa kimoja cha betri injini ikiwa inazunguka.

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa desturi hiyo imeenea katika gereji nyingi za kando ya barabara. Usikubali mtu afungue betri wakati injini inanguruma. Zamani, magari yalipokuwa na dinamo, baadhi ya mafundi walifanya hivyo, na mazoea yakabaki. Lakini tangu Chrysler ya Marekani ilipotia alteneta katika gari lake la Valiant mwaka 1960, na makampuni mengine yakafuata, magari yamebadilika. Ndani ya alteneta mna daiodi, vipande vidogo vinavyougeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda upande mmoja, kama betri ipendavyo. Betri ndiyo inayoutuliza umeme huo. Ukiiondoa ghafla, volti huruka juu kwa nukta moja, na nukta hiyo yatosha kuziunguza daiodi na kompyuta ya injini pia. Mimi niliponea chupuchupu. Wako waliokwenda gereji na ugonjwa mmoja wakatoka na miwili.

JINSI MFUMO UNAVYOFANYA KAZI

Yafaa kila mwenye gari ajue mambo haya machache. Betri kazi yake kubwa ni kuwasha injini. Injini ikishawaka, mkanda huizungusha alteneta, nayo hulisha taa, feni na vyombo vyote, kisha huirudishia betri umeme iliotoa. Kidhibiti volti hulinda kiwango, kisizidi wala kisipungue. Kwa hiyo mahali pa kutafuta ugonjwa ni matatu tu: betri yenyewe, alteneta yenyewe, au njia iliyo kati yake, yaani nyaya, fyuzi, viungo na mkanda.

Kabla hujamshuku yeyote, jiulize kama gari lina ugonjwa kweli. Katika miaka ya karibuni ya uhaba wa petroli, wengi wetu tumelala katika foleni ndefu za vituo vya mafuta. Unawasha injini, unasogea hatua tano, unazima. Baada ya nusu saa unafanya hivyo tena. Kila mwasho hula umeme mwingi, na zile hatua tano haziurudishi. Gari la namna hiyo, au lililokaa majuma mawili bila kutembezwa, betri yake itaisha hata kama kila kitu ni kizima. Tena joto la Imbo, bonde letu hili la ziwa, huichosha betri upesi kuliko baridi ya Bururi kule milimani. Betri ya miaka minne hapa kwetu ni mzee.

KIPIMO KIDOGO CHENYE MANUFAA MAKUBWA

Nunua kipimo cha volti. Madukani kipo kile cha nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Kipo pia kidogo kinachochomekwa katika tundu la kiberiti cha sigara, nacho kina faida ya kusomeka unapoendesha. Kisha jifunze tarakimu hizi kama unavyojifunza jedwali la kuzidisha.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12, ni tupu, au karibu na kuwa tupu. Injini ikinguruma, vichwa vya betri vyapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa yasomeka 12 na kitu, na tarakimu zinazidi kushuka, ujue alteneta haileti umeme na unakula akiba. Ikipanda ikapita 15, kidhibiti kimeharibika, na betri itachemka.

Akiba hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Taa kubwa mbili, taa za nyuma na umeme wa injini ya petroli pamoja hula kama ampea 15. Betri ya kawaida ya gari dogo ni ya ampea-saa 45 hivi. Kwa hesabu ya ubaoni ni saa tatu, lakini taa hufifia mapema zaidi, na kwa betri iliyozeeka huenda usipate hata saa moja. Hesabu hiyo sikuijua usiku ule wa Minago. Laiti ningaliijua, nisingalimchukua mgonjwa kwa gari lenye taa nyekundu.

DAFTARI LA UGONJWA

Baada ya usiku ule niliapa kwamba sitabadilisha kifaa kingine chochote mpaka niwe na ushahidi. Nilichukua daftari la shule la kurasa arobaini na nane, nikapiga mistari, nikaandika: siku, saa, muda tangu gari liwashwe, hali ya barabara, mvua, taa zimewashwa au la, na kipimo kinasoma nini. Kila taa nyekundu ilipowaka, niliegesha pembeni nikaandika.

Sababu ya kufanya hivyo ni hii: hitilafu inayokuja na kuondoka haiji ovyo. Ina kitu kinachoiita, na vitu hivyo ni vinne.

Cha kwanza ni joto. Chuma hutanuka kikipata moto, na kiungo kilichoshikana asubuhi huachana adhuhuri.

Cha pili ni mtikisiko. Waya uliokatika ndani ya ganda lake hugusana barabara ikiwa laini, huachana ukiingia shimoni.

Cha tatu ni maji. Mwaka 2024 ziwa lilipofurika na maji kuingia mitaani Rumonge, magari mengi yalipita katika madimbwi. Mkanda uliolowa huteleza na kulia, na chaji hupungua mpaka ukauke. Tope lililobaki katika viungo vya nyaya huzaa kutu ambayo madhara yake huonekana baada ya miezi.

Cha nne ni mzigo wa umeme. Mkanda uliolegea au kiungo chenye kutu huweza kustahimili mchana, lakini ukiwasha taa kubwa, feni na vipangusa vioo kwa pamoja, huonyesha udhaifu wake.

Baada ya majuma mawili daftari langu lilikuwa na mistari saba. Mvua haikuhusika, maana siku tano kati ya hizo zilikuwa kavu. Taa hazikuhusika, maana mara nne ilikuwa mchana. Lakini mara zote saba gari lilikuwa limetembea zaidi ya nusu saa, na mara tano lilikuwa katika kipande cha barabara mbovu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, halikuugua hata siku moja. Joto na mtikisiko, basi. Na kwa kuwa mafundi wote watatu walilitazama asubuhi, likiwa limesimama, hawakuona kitu.

KUTAFUTA HATUA KWA HATUA

Nilimpelekea daftari fundi mmoja mzee wa umeme wa magari, ambaye watu wa soko walinielekeza kwake. Alilisoma lote kabla ya kufungua boneti, kisha akasema, "Mwalimu, leo umeniletea mgonjwa pamoja na maneno yake." Tukafuata utaratibu huu, nami nauandika ili uweze kuufuata, wewe mwenyewe au pamoja na fundi wako.

Kwanza, taa nyekundu yenyewe. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa haina budi kuwaka. Washa injini: haina budi kuzimika. Ikiwa haiwaki kabisa kabla ya injini, usifurahi. Huenda balbu imeungua, na katika magari mengi ya zamani umeme mdogo unaopita katika balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu mfu, chaji mfu.

Pili, macho na mikono, injini ikiwa imezimwa. Vichwa vya betri visichezecheze ukivishika. Unga mweupe au wa kijani juu yake uoshwe kwa maji ya moto na magadi, kisha vikaushwe. Mkanda ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili uingie ndani kama sentimita moja, usiwe na nyufa wala kung'aa kama kioo.

Tatu, njia ya umeme. Kipimo hiki wengi hawakijui. Washa injini na taa kubwa. Weka waya mmoja wa kipimo kwenye boliti nene ya nyuma ya alteneta, na mwingine kwenye kichwa chanya cha betri. Usitazamie volti 14 hapo. Unapima kile kinachopotea njiani, nacho kisizidi volti 0.3. Kisha weka waya mmoja kwenye mwili wa alteneta na mwingine kwenye kichwa hasi. Hapo kisizidi 0.2. Kwangu upande wa chanya ulikuwa safi, lakini upande wa hasi ulisoma 0.7. Waya unaounganisha injini na mwili wa gari ulikuwa umeliwa na kutu mahali boliti yake iliposhika. Tuliufungua baada ya kuiondoa betri, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukaukaza, tukapaka grisi kwa juu. Kipimo kikashuka mpaka 0.1.

Nikadhani tumemaliza, nikatoa mkono wa kuaga. Mzee akacheka. "Umeandika joto na mtikisiko. Sasa gari limesimama na limepoa. Umemshika mwizi, lakini hujui kama ndiye aliyekuibia wewe."

KUIKAMATA HITILAFU IKITENDA

Tulipanda wote wawili tukaenda njia ya Bururi, ile inayouacha ufuo na kupanda milimani, ambako injini hupata moto upesi. Kipimo kidogo kilikuwa katika tundu la kiberiti. Kilisoma 14.1 muda mrefu. Tulipokuwa tukirudi, tulipoingia katika mashimo, kikaanguka mpaka 12.3, na taa nyekundu ikawaka.

"Simama, usizime injini," akasema mzee.

Alifungua boneti, akaangalia mkanda: unazunguka vizuri. Akavitikisa taratibu vichomeko vya nyaya nyuma ya alteneta, akijihadhari na feni: hakuna badiliko. Kisha akachukua mpini wa mbao wa nyundo, akaigonga alteneta mgongoni, pole kama mtu abishaye hodi. Taa nyekundu ikazimika, kipimo kikarudi 14.1.

Ndani ya alteneta, ndugu msomaji, kuna kiini kinachozunguka, nacho hupewa umeme kupitia vipande viwili vya makaa viitwavyo brashi, vinavyosukumwa na springi vigusane na pete mbili za shaba. Makaa hayo hulika kidogo kidogo, kama chaki ubaoni. Yakiwa mafupi sana, springi haina nguvu tena ya kuyasukuma. Joto likizidi na gari likirukaruka, yanaachana na pete, na chaji inakatika. Gari likipoa, yanagusana tena. Ndiyo sababu kugonga kidogo kulirudisha umeme. Ukiona dalili hiyo, na vichomeko havihusiki, shuku brashi kabla ya kingine chochote.

Tuliporudi aliiondoa betri, akaifungua alteneta, akapima. Katika Toyota nyingi za rika hilo brashi mpya huchomoza kama milimita 10.5, na kikomo cha mwisho ni 1.5. Yangu moja ilikuwa imebaki milimita moja. Pete zilikuwa nzima, daiodi nzima. Aliweka brashi mpya, ambazo bei yake haikufika hata sehemu ya kumi ya ile betri niliyoinunua bila sababu.

Lakini bado hatukuagana. Siku iliyofuata tulipita njia ile ile, mashimo yale yale, kwa muda ule ule. Kipimo hakikutikisika. Hapo ndipo mzee alipopokea ujira wake.

YA KUKUMBUKA

Gari kuukuu mara nyingi huwa na magonjwa mawili kwa wakati mmoja. Lililo rahisi kuonekana, kama waya wangu wenye kutu, hudai sifa za lile lililofichika. Kwa hiyo matengenezo hayajakamilika mpaka umelirudisha gari katika hali ile ile iliyolifanya liugue, nalo likakataa kuugua.

Na ikiwa taa nyekundu itakuwakia usiku barabarani, usizime injini, kwa maana huenda isiwake tena. Zima feni, redio na kila kisicho cha lazima. Taa kubwa usizizime, maana za kukuonyesha watembea kwa miguu na waendesha baiskeli ni hizo tu. Tazama sindano ya joto: katika magari kadhaa mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, na ukikatika injini itachemka; hapo simama mara moja, hata kama ni gizani. Vinginevyo, nenda moja kwa moja mpaka penye watu na mwanga, egesha, utafute msaada. Usiendelee kwa matumaini, kama nilivyofanya mimi.

Yule mtoto wa usiku ule sasa anatambaa. Bibi yake kila akiniona hunitania, "Mwalimu, umeme upo?" Nami hujibu kwamba upo, na nina haki ya kusema hivyo, kwa kuwa kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha injini, hupima na kuandika katika daftari. Jumamosi iliyopita ilikuwa 12.6.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya betri yenyewe: namna ya kuiongezea maji, na kwa nini usiyatie maji ya bomba wala ya ziwa.